Mpangaji Ndani ya Chumvi

Alikuja Katwe na chupa arobaini
na buti mpya zisizojua magadi.
Nilikuwa nimezama hadi mapajani, nachota tope.
Nikadhani ni mtu wa kodi.

"Mama Mbambu, natafuta uhai," akasema.
Jina lake Kyarisiima, msomi kutoka Mbarara.
"Uhai wa namna ya Mirihi."
Nikaitazama miguu yangu,
vidonda visivyopona tangu Pasaka,
nikamwambia: dada, umepotea njia.
Heroe wenyewe hunywa kule Munyanyange,
huku wanapita tu.

Kumbe alitaka maji mekundu.
Si yale ya katikati ya ziwa, yanayonuka yai bovu;
alitaka ya kibwawani mwangu, nilichorithi kwa mama mkwe,
yale yanayogeuka waridi
jua likikaza siku tano bila wingu.
Nilicheka hadi macho yakaniwasha.
Rangi hiyo ndiyo saa yetu!
Maji yakiiva, chumvi i karibu.
Yakibaki kijani, nenda katafute kuni.

Alinieleza kwa Kiswahili cha kitabuni;
mimi nina cha soko, cha kuuzia Wakongo
wanaovuka mpaka na magunia matupu.
Tukakutana katikati.
Rangi, akasema, ni viumbe.
Mamilioni katika tone moja,
wamevaa wekundu kama mwavuli
jua lisiwaunguze.
Wanakula nini?
"Mabaki ya wenzao. Na mwanga kidogo."
Nikanyamaza. Nazijua nyumba za hivyo.

Mezani kwake, pale gesti, palikuwa na chombo.
Nikasema darubini. Akasema hadubini.
Ndugu wawili hao, baba mmoja:
huyu alirithi mbali, yule akarithi chini,
na wote wawili wanamtafuta mtu yule yule.
Nikainamisha jicho.
Vijiti.
Vijiti vyekundu vikitetemeka
katika maji niliyoyamwaga miaka ishirini na mmoja
bila kuomba radhi.

Mirihi, akasema, palikuwa na maziwa. Yakakauka.
Hapo sikuhitaji mkalimani:
ziwa likikauka huacha ukoko.
Ndani ya ukoko kitone cha maji kimefungiwa,
na ndani ya kitone, pengine, mpangaji
aliyefunga mlango akalala,
asijue kwamba mwenye nyumba alishahama.

Pengine. Neno hilo alilipenda.
Mtu mzima, ana shahada tatu,
anasema pengine bila haya.
Mimi mnunuzi akiniuliza bei ya kesho, naapa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano,
mvua ikaharibu vibwawa vyote.
Jasho la wiki sita likarudi kuwa ziwa.
Nimesimama ukingoni, sina hata la kutukana,
simu ikalia.
"Lile bonge ulilonipa, la kijivu,
nililiweka kabatini mwaka mzima, kavu, gizani.
Juzi nikaliyeyusha.
Mama Mbambu, wameamka."
Alikuwa analia, au ni mtandao.
Nikauliza: na wale wa Mirihi?
Kimya kidogo.
"Hatujui. Bado hatujui kama wapo."
Sauti ilikuwa ya mtu aliyeshiba.

Usiku ule viboko walipanda kula majani nyuma ya jiko.
Nikatoka na tochi kwa ajili yao, si kwa nyota.
Hata hivyo niliinua macho.
Doa jekundu juu ya ukingo wa kreta:
labda ndiyo,
labda ni taa ya mnara wa simu.
Nikaliangalia hadi shingo ikauma.

Rafuni nina bonge moja nisilouza.
Baluku, mume wangu, huniuliza sababu,
hasa siku sukari ikiisha.
Namwambia ashushe sauti,
kuna mtu amelala humo,
na huyo hadaiwi kodi.