Kidonge cha Saa Moja

Miaka minne, kila saa moja asubuhi,
kabla ya chai, kabla hata ya salamu,
nilikutia kinywani, mdogo, mweupe,
na presha ikatulia kama mtoto aliyeshiba.

Jana usiku, hapa Dundee,
upepo wa mtoni ukipenya dirishani,
mdomo wa juu ukaanza.
Haukuwasha. Haukuuma.
Uliumuka tu, taratibu, kama unga wa mandazi,
kisha ukafuata ulimi,
na maneno yakakosa pa kupitia.

Binti yangu Raiya alinitazama, akacheka.
Akaacha kucheka.

Hospitali wakauliza: karanga? kamba? nyuki?
Sindano ya mzio haikufua dafu.
Nikaandika nyuma ya risiti ya mkate:
*Jamu ya jirani. Kaileta Ijumaa.*
Mungu anisamehe. Bi Morag, mama wa watu,
na plamu zake alizozichuma kwa mkono.

Kijana mfamasia akaumwaga mkoba wangu mezani,
akaziruka dawa mpya zote,
akakuokota wewe.
Nikatikisa kichwa: huyu? Huyu wa siku zote?
"Ndiye," akasema. "Huweza kukaa miaka
kabla hajageuka."

Mirija, taa, Raiya kasinzia na viatu vyake.
Ilipogonga saa moja, mkono ulikwenda wenyewe,
ukapapasa meza ngeni,
ukarudi mtupu.

Neno la kwanza kunirudia, zito, la kitembe,
lilikuwa "jamu".
Raiya akadhani nina njaa.