Hamsini kwa Herufi

Mimi hulipwa kwa herufi, shilingi hamsini kila moja,
rangi yangu, ngazi yangu, makosa yangu pia.
Nimeandika kinyozi, bucha, kanisa, dobi,
na "Usikojoe Hapa" mara nyingi kuliko "Karibu".
S hunichosha kiuno. O ni pumzi moja tu.
Basi mtu akinitajia jina
nalipima kwanza, kama muuza sukari.

Alhamisi Mwalimu Jerotich aliniita Bondeni,
ndani ya ule mtambo wa unga uliokufa,
mashine yake ilishauzwa chuma chakavu,
ambamo sasa watoto thelathini hurusha mateke
juu ya magunia yaliyoshonwa pamoja.
"Nataka jina ukutani," akasema. "Nina elfu moja."
Herufi ishirini, nikahesabu kimoyomoyo,
na nyama Jumapili.

Wakaketi chini, jasho likiwakauka mgongoni.
Swaleh, mkanda wa kijani, akataka Chui wa Menengai.
Kumi na nne! Vidole vyangu vikachangamka.
"Umewahi kuona chui," akauliza Jerotich,
"akimwinamia adui kabla ya kumrukia?"
Kwamboka akasema Radi.
Nne tu. Nikakohoa.
Mwingine akaleta Joka Jekundu.
"Lipo Section 58, limeshagawanyika mara mbili,
na vichwa vinadaiana kodi."

Ndipo Odero, mkubwa wao, kwa sauti ya chini,
akalitaja jina la marehemu Kuto,
aliyemfundisha Jerotich kwenye ukumbi wa askari jela:
viatu nje, ghadhabu nje.
Hata nzi walitulia.
"Aliniambia mwenyewe," akasema,
"jina langu liacheni kaburini. Lina kazi huko."

Nikajitia hekima: jina jema hung'aa gizani.
"Afadhali," akanijibu,
"maana stima imekatwa tangu juzi."

Akawarudisha kazini, wafikiri wakitoka jasho.
Somo lilikuwa kuanguka.
Wambaire, wa miaka saba, akaanguka vibaya,
akaanguka vibaya tena,
na kila mwili ulipogonga sakafu paa lilitikisika,
na unga wa miaka mingi, uliolala juu ya pao,
ukashuka taratibu ukawafunika.
Hawana pesa za gwanda nyeupe.
Huingia na sweta za shule, kijani, buluu, hudhurungi,
hutoka weupe wote, hadi kope.

Mama mmoja akachungulia mlangoni, sukuma mkononi:
"Wambaire yuko? Nimeambiwa amekuja kinuni."

Hakujua amesema nini.
Alisema tu kama mtaa wote usemavyo:
pita kinu, kata kushoto;
tukutane kinu saa kumi;
yule mvulana wa pale kinu, usimchokoze.

Nikatoka nje nikautazama ukuta.
Juu, nyuma ya masizi na mabango ya wagombea waliokwisha kushindwa,
K, I, N, za mafuta meusi,
mkono wa fundi aliyenitangulia, sijui nani.
Ile K ilikuwa na mgongo ulionyooka,
ngumi moja juu,
mguu mmoja umerushwa mbele.
U ilikuwa imeliwa na maji ya mfereji.

Jerotich akaja akasimama kando yangu, miguu peku, kimya.
Ningeweza kumwambia hiyo rangi imechoka.
Ningeweza kumwambia K ya siku hizi haiandikwi hivyo.
Mia tisa na hamsini zilinipungia mkono zikaenda zake.
"Fundi?" akasema.
Nikaegemeza ngazi.

Niliandika U moja.
Niliipinda polepole kuliko kazi yoyote ya mwaka huu,
isije ikaonekana ngeni pale,
na niliposhuka nikapokea noti yangu
ndani walikuwa bado wanaanguka,
puu, puu, unga ukitoka dirishani.
Sahihi sikuweka.
Ile K si yangu.