Kadi ya Ng'ombe 612

Hedmark, saa kumi na moja alfajiri, theluji imefika dirishani.
Gudveig anakamua tone la kwanza kwenye kikombe cheusi.
Safi. La pili, safi.
Chuchu ya nyuma kushoto: mabonge.

Kiwele kinachoma kiganja. Ng'ombe anarusha teke, na ana haki.

Mama yake alijaza ndoo hata utepe wa maonyesho
ungali ukutani, mwekundu.
Lakini kadi haijui upambe:
Machi, sindano. Juni, sindano.
Oktoba, siku sita za maziwa mtaroni.
Na bibi yake vivyo hivyo.

Jikoni, Oddvar anasoma orodha ya mafahali.
"Huyu, binti zake wanamwaga maziwa."
"Wanaugua?"
Kimya. Ukurasa unageuzwa.
"Huyu basi, wa wastani. Binti zake viwele vimekaza, dawa hawazijui.
Ila afya hiyo hurithiwa haba, Gudveig."
"Haba si sufuri."

Anaandika nambari kwa penseli, vidole vingali vinanuka dawa.
Miaka mitatu toka leo, chuchu ya nyuma kushoto,
huenda tone jeupe likaanguka kwenye weusi wa kikombe
na asiwepo wa kulisemea neno.