Madhumuni ya Kukaa

Walikuja saa nne, printa bado baridi,
Aikande na mama yake, wameteremka kutoka Kibosho
na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili.

Mimi huandika safari za watu.
Sijavuka hata Holili,
lakini najua picha inatakiwa mandhari nyeupe, masikio yaonekane,
najua jina la mtaa wa Bremen linavyobanwa liingie kwenye mstari,
najua umeme wa Moshi hupenda kukatika ukurasa wa sita.

"Madhumuni ya kukaa," nikasoma.
Chini yake visanduku vinne vinasubiri alama:
kazi, masomo, mafunzo ya ufundi, kuungana na mwenza.
"Weka mwenza," akasema Aikande.
Fanueli yuko kule mwaka wa tano,
mahari imepokelewa, mbege imenyweka,
cheti cha ndoa hiki hapa, muhuri bado unang'aa.
Njia fupi. Miezi mitatu, ameondoka.

Mama alikaa kwenye kreti la soda,
akiitazama kompyuta
kama mtu anayepimiwa maziwa.
"Hicho cha mwenza ni cha nani?"
"Cha mwanao, mama."
"Nimekuuliza, ni cha nani?"

Nikarudi juu, nikasoma polepole.
Kibali cha mke hufuata kibali cha mume.
Cha mume kikiisha, cha mke kimeisha.
Ndoa ikivunjika kabla ya wakati, ofisi itaangalia.
"Na akifa?"
"Mama!"
"Watu hufa, Aikande. Na akifa?"
Nikatafuta. "Nadhani," nikasema, "ofisi itaangalia."

Akacheka bila kuonyesha meno.
"Mimi kihamba kile niliingia kwa kibali cha mume.
Miaka kumi na tisa nabeba majani ya ng'ombe,
kahawa nachuma mpaka kucha zinageuka rangi.
Alipozikwa, hata matanga hatujaanua,
shemeji akaja na kamba,
akapima kutoka isale hadi isale,
kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa:
Shemeji, sasa wewe uko hapa kama nani?"

Umeme ukakatika.
Siku hiyo sikuulaani.

"Miaka saba baraza la kata," akaendelea gizani,
"nauli, mashahidi waliosahau, karani anayetaka soda.
Nimebaki, ndiyo.
Lakini kila nikifunga mlango jioni
namsikia ananiuliza tena."

Aikande alikuwa ameshika cheti chake cha uuguzi
kwa ncha za vidole, kana kwamba ni cha mtu mwingine.
Kisanduku cha tatu nilikuwa nimeshamweleza:
mkataba wa hospitali, mtihani wa Kijerumani,
mwaka mzima wa kutafuna maneno marefu kama reli.
Akatoka kibarazani na simu, mgongo kwetu.
Nilidaka vipande.
"Sikukatai."
"Mwaka."
"Kwa jina langu, Fanu. Langu."
Halafu kimya,
halafu sauti fulani, labda kicheko.

Taa ziliporudi akaingia.
"Futa," akasema.
Nikafuta.
Jina la Fanueli liliondoka herufi moja moja, kuanzia nyuma,
maana kitufe changu kimechoka.

Elfu tatu na mia tano.
Mama akafungua fundo la kanga, akahesabu mara mbili,
akaangalia kuta, bati, tangazo la lamination,
akaniangalia mimi.
"Na wewe kijana, hapa uko kama nani?"

Kibanda ni cha mjomba.
Mashine ni za mkopo.
Mkataba wa pango unaisha mwezi wa tisa, nao una jina lake.
Nikavuta kitabu cha risiti.
Nikaandika tarehe, nikaandika kiasi,
nikafika pale panapoulizwa jina la mwenye biashara
nikabaki nimeshika kalamu.