Mengineyo

Kikao kilifunguliwa saa kumi na robo,
si saa tisa kama barua ilivyosema,
maana akidi ni watu saba na tulikuwa sita
mpaka Bwana Tumwebaze alipoamshwa ndani ya gari lake,
kiti kimelazwa, redio ikisoma matangazo ya vifo.

Mwenyekiti, Bi. Nabweteme, aliomba tuwe wafupi.
Naandika hili kwa sababu alisema liandikwe.

Yatokanayo:
ziwa bado halijarudi mahali pake.
Gati letu la zege limezama hadi magotini,
kamongo wamehamia ngazi ya tatu,
na barua tuliyoipeleka wizarani
imejibiwa kwa barua inayouliza gati liko wapi.

Magugu maji yalikuja Jumanne, yakaondoka Alhamisi.
Hakuna aliyependekeza, hakuna aliyeunga mkono.

Korongo wawili wangali wanalala juu ya mlingoti wa Namba Nne.
Dakta Hirji alitaka wafukuzwe. Apio akauliza
kama wamelipa ada. Kicheko.
Kicheko hakiandikwi. Nimekiandika.

Mashindano ya Pasaka: Jinja wanaleta mashua tano.
Sisi tuna mashua sita na matanga manne,
moja lina kiraka cha gunia la mchele.

Hapo ndipo tulipofika kwenye usukani.

Usukani wa Namba Saba ulipotea Januari.
Polisi wa Kitooro walikuja kuandika maelezo, wakatuomba kalamu.
Tulishuku wavuvi. Tulishuku watoto wa shule.
Juzi nikauona: uko Bugonga, kwa Kiggundu muuza roleksi,
anasukumia chapati juu yake.
Mvule mtupu, umelainika kwa unga na mafuta,
matundu ya bawaba yamejaa donge lililokauka.
"Ubao mzuri huu, mama," akaniambia, "haupindi."
Aliununua. Elfu kumi na mbili.
Kwa nani?
Kwa mlinzi wetu.

Dakta Hirji akasimama: afukuzwe leo hii.
Tumwebaze akaunga mkono kabla sentensi haijafika mwisho.
Mimi nikaomba daftari la mishahara.
Mwekahazina, Bwana Ssempala, akakohoa.
Desemba: patupu. Januari: patupu.
Februari imeandikwa kwa penseli ikafutwa,
karatasi imekuwa nyembamba pale, unaona kidole chako upande wa pili.

Watu wa matanga, kwenda kinyume cha upepo huita kubisha:
unakata kushoto, unakata kulia,
kila mkato kama umepotea njia.
Tulibisha saa nzima.
Mmoja alisema wizi ni wizi.
Mmoja alisema hata deni lina jina lake.
Apio alisema ni Odongkara huyohuyo
aliyeingia majini usiku wa dhoruba ya Novemba
akafunga mashua zote kwa kamba ya nguo za mkewe,
sisi tumelala, tumejifunika.
Halikuwa kwenye ajenda.

Kura: watatu, watatu, na mmoja alikuwa kwenye simu.
Mwenyekiti akatazama saa, akatazama daftari,
akapiga kura yake ya uamuzi kwa sauti ndogo:
mlinzi alipwe miezi yake yote, usukani ukombolewe.
Kiggundu amepandisha bei. Sasa ni elfu ishirini;
anasema chapati zimeshauzoea.

Mengineyo: hayakuwepo.
Kikao kilifungwa saa kumi na mbili kasorobo,
nzi wa ziwa walipotimiza akidi yao.

Pesa nilitoa mimi. Risiti sikupewa,
nilipewa chapati mbili.
Odongkara aliufunga usukani mwenyewe asubuhi,
hakusema kitu, nami sikumuuliza kitu;
alikaza skrubu ya mwisho, akaijaribu, akaikaza tena.
Tukasukuma. Nikashika mpini, kiganja kikateleza.
Namba Saba ikageuka kwa uvivu,
ikinuka vitunguu,
ikaanza kubisha.