Siku ya Nane

Muuguzi ananiambia nipandishe mkono wa blauzi.
Nje, mvua ya Glasgow haina haraka.
"Utauma kidogo," anasema,
nami namkumbuka Oighrig, mama wa bibi yangu,
wa kisiwa ambacho leo kimebaki na kondoo na ndege.

Huko hawakumpa mtoto jina kabla ya siku ya nane.
Ruairidh seremala aliweka mbao fupi kando mapema,
akazifunika gunia
kila mjamzito alipopita.

Mwana alinyonya vizuri siku nne.
Ya tano akaliachia titi, si kwa shibe:
taya zimegoma.
Ya sita mgongo ukapinda nyuma kama uta;
mlango ukigongwa, mbwa akibweka,
mwili wote hukakamaa, uso hucheka
kicheko kisicho chake.
Ya saba hakuna aliyethubutu kukohoa mle ndani.
Ya nane Ruairidh akalifunua gunia.

Mara tatu.

"Mapenzi ya Mungu," alisema mchungaji.
Na Mòr mkunga alilia kuliko wafiwa,
Mòr yuleyule aliyekata kitovu kwa kisu cha kuchunia ndege,
akakipaka mafuta ya ndege wa majabali
yaliyolala mwaka mzima katika tumbo kavu la ndege mwingine.
Yalinuka. Walidhani uvundo ndio nguvu yake.

Kisha meli ikamshusha mwanamke na sufuria.
Akachemsha uzi. Akachemsha mkasi.
Akamwomba Mòr asugue mikono kwa sabuni hadi viwikoni.
Mòr akayatazama maji yakichafuka.
"Kwa hiyo nilikuwa mimi?"
"Si wewe. Ni kijidudu cha udongoni, hakionekani,
kinangoja kidonda kimfungulie."
Mòr hakujibu. Aliomba maji mengine.
Kisha mengine.

Wa nne akavuka ya nane, akavuka ya tisa,
na ya kumi, Oighrig akiogopa hata kutamka,
wakamwita Ceit.
Ndiye bibi yangu. Ukoo wetu
ulitoka ndani ya sufuria.

Sindano imeingia, imetoka.
Tumboni mtu amepiga teke, labda amenuna:
chanjo ni ya pepopunda, na nusu yake ni yake.
Muuguzi anabandika pamba, ananionya
kuhusu bustani yangu, misumari, miiba ya waridi:
"Ukichomwa, osha, uje. Usisubiri shingo ikaze."
Halafu, akiandika kadi: "Jina umeshachagua?"

Ninalo, namwambia.
Tangu mimba ya miezi mitatu
namwita kwa sauti.