Baada ya Arubaini

Shaame, mwezi wa pili niliichukia shingo yako.
Si wewe. Shingo,
na ile karafuu uliyorudi nayo kutoka Konde,
ambayo mwaka wa harusi niliinusa
mpaka usingizi ukanichukua.
Nikakutupia mto ukumbini.
Mama yako akacheka: atafanana na wewe huyo, ndiyo maana hakutaki.
Ukajilaza mkekani kama mgeni aliyekosa usafiri.

Mwezi wa tano hakuna aliyenionya.
Somo alinifundisha vyote: singo, udi,
namna ya kuitwa na kusema "haya".
Hakunifundisha kuita.
Saa saba mchana, wali motoni,
tumbo mbele kama fenesi,
nikakuita kwa sauti nisiyoijua kuwa ni yangu.
Wali ukaungua.
Tulikula ukoko,
wewe ukiuliza kama tumemuumiza mtoto,
mimi nikiulamba mwiko.

Kisha Wete, hospitali, usiku mrefu ambao sitausimulia.
Siku arubaini kwa mama.
Bi Mwache akanikanda kwa maji yaliyonitoa machozi,
akanifunga tumbo, akanilisha uji wa pilipili manga,
akanirudisha kwako nimefukizwa,
hina mikononi, asumini nyweleni,
bibi harusi tena wa mume yule yule.

Lakini ndani ya udi nanuka maziwa.
Kutwa nzima Mkasi kanishika,
kaninyonya, kanivuta, kalala juu yangu;
usiku mkono wako ukaja
ukawa mkono mmoja zaidi.
Nikazikumbuka nyuzi tano walizonishona.
Nikasema, "Bado."

Ukasema, "Haya."

Neno langu lile, la kufundishwa,
kinywani mwako.
Ukainuka ukaenda uani kusuuza mawinda gizani,
na mimi nikalia, sijui kwa lipi,
kwa ile ndoo labda, jinsi ulivyoiweka chini polepole.

Jana ukanisimulia mbuzi wa Bi Mwache
alivyoingia msikitini na kutoka na kofia ya mtu.
Nikacheka mpaka maziwa yakachuruzika,
kanga ikalowa hadi kiunoni.
Tukaitazama, wote wawili, kama watoto waliovunja kitu.
Shingo yako ilikuwa karibu.
Karafuu.
Sikugeuka.

Usiniulize kama ndiyo imerudi.
Hii si ile ya mwaka wa harusi,
wala si ile ya wali ulioungua.
Sijaipa jina.
Ila mto wako nimeutoa ukumbini.
Lala upande wa ukutani,
na kwanza
nisugue miguu.